MASHINE AMBAZO MCHORO WAKE HAUFICHWI
Somo la vikundi vya vijana na wazee

Katika ukumbi wa parishi yetu kipo kipaza sauti ambacho tangu mwaka juzi hakisemi. Kilipokufa tulikipeleka kwa fundi, mzee ambaye alianza kutengeneza redio za watu tangu zile kubwa za mbao zilizowekwa sebuleni na kufunikwa kitambaa. Alikifungua, akakitazama kwa muda mrefu, kisha akatuita tusogee. Kile kidude cheusi chenye miguu mingi, ambacho ndicho kilichoungua, kilikuwa hakina namba. Namba ilikuwepo, lakini ilikwanguliwa kiwandani, makusudi, ili atakayekifungua asijue ni kitu gani wala anunue kingine cha namna ile. "Mgonjwa nimemwona," alisema mzee, "ila jina lake wamelificha."

Akatueleza kwamba zile redio za zamani nyingi zilikuwa na karatasi imebandikwa ndani, nyuma ya kifuniko, na juu yake mchoro wa nyaya zote. Fundi aliufuata kwa kidole mpaka akafika penye kasoro. Hivyo ndivyo yeye mwenyewe alivyojifunza kazi, maana shule ya ufundi hakuiona.

Juma lile lile vijana wetu walileta ombi mbele ya baraza la parishi. Wamesikia habari za mashindano ya roboti za wanafunzi, nao wanaomba wanunuliwe vifaa. Wazee wakauliza, na swali lao si baya: roboti ya nini, na paa la ukumbi linavuja? Tuliombwa tuandike somo juu ya jambo hili kabla baraza halijaamua. Tumesoma, tumeulizana, na haya ndiyo tuliyoyapata. Kipaza sauti tutakirudia mwishoni.

HURU NA BURE

Tuanze na maneno. Kiingereza kina neno moja tu kwa kitu kisichozuiwa na kwa kitu kisicholipiwa, kwa hiyo wenye lugha hiyo wamesumbuka miaka mingi kueleza ni lipi wanalolikusudia. Sisi lugha yetu imetuondolea taabu hiyo. Tunalo huru na tunalo bure, na hata mtoto anajua kwamba mtu huru si mtu bure.

Mwaka 1983 Mmarekani mmoja, Richard Stallman, alitangaza kazi ya kuandika programu za kompyuta ambazo kila mtu angekuwa na ruhusa ya kuzitumia, kuzichunguza, kuzibadili na kuwagawia wengine. Programu ni maandishi tu, na ukishakuwa nayo, kuinakili hakukugharimu kitu. Baadaye watu wakauliza: je, mashine yenyewe, hii ya kushikika, nayo yaweza kuwa huru? Stallman aliandika juu ya swali hili mwaka 2015, naye akaonyesha tofauti ambayo yafaa tuishike. Mashine hainakiliwi kama maandishi, maana kila moja yataka shaba, plastiki, umeme na jasho la mtu. Kinachoweza kuwa huru ni mchoro wake.

Fundi cherehani aelewa jambo hili mara moja. Akikupa zile karatasi za kukatia shati, hajakupa shati. Kitambaa utanunua, uzi utanunua, na kama hujui kushona utaharibu vyote viwili. Lakini akikunyima karatasi, itakubidi kurudi kwake kila unapotaka shati, kwa bei atakayoitaja yeye.

Watu wa kazi hii walikubaliana mwaka 2011 juu ya maana ya mashine yenye mchoro wazi, na mwaka 2012 wakaunda chama chao huko Marekani. Mchoro uchapishwe, tena kwa namna ambayo mwingine aweza kuubadili, si picha ya kutazama tu. Mtu yeyote aruhusiwe kuutengeneza, kuurekebisha, hata kuuza alichokitengeneza. Hapo pa kuuza ndipo wasomaji wengi watakaposhangaa, lakini hakuna kosa. Wengi wa wenye michoro hii hudai mambo mawili tu: anayeibadili aiache wazi vile vile kwa atakayekuja baada yake, na aseme aliipata wapi.

KIBAO CHA IVREA

Wale waliowahi kufanya kazi ofisini watakumbuka taipureta za Olivetti. Zilitoka Ivrea, mji mdogo wa kaskazini mwa Italia. Taipureta zilipopitwa na wakati, ilifunguliwa mjini hapo shule ya ubunifu, na wanafunzi wake walitaka kutengeneza vitu vinavyosikia na kujibu: taa inayowaka mtu akipita, chombo kinacholia kikiguswa. Kwa kazi hiyo walihitaji kompyuta ndogo ya kuweka ndani ya kitu. Iliyokuwapo ilikuwa na bei ya kama dola 100, na kwa mwanafunzi hizo ni fedha nyingi.

Mwaka 2003 mwanafunzi mmoja kutoka Kolombia, Hernando Barragán, alitengeneza kwa ajili ya shahada yake kibao rahisi pamoja na programu yake, akakiita Wiring. Mwaka 2005 mwalimu wake Massimo Banzi na wenzake wakatoa kibao cha bei ndogo zaidi, karibu dola 30, kilichojengwa juu ya kazi hiyo, wakakiita Arduino. Jina walilitwaa kwenye baa ya pale mjini walipozoea kukutana, nayo baa ilikuwa imepewa jina la mfalme wa kale. Barragán hakuwamo katika kundi hilo, na baadaye alieleza hadharani kwamba kazi yake haikutajwa vya kutosha. Twaliandika hili kwa sababu habari nyingi huliruka, na kama sharti la mchoro wazi ni kusema ulikoupata, basi tuseme.

Shule yenyewe ilikuwa karibu kufungwa, na walimu waliogopa kwamba kazi yao ingefungiwa makabatini pamoja na madawati. Kwa sababu hiyo waliuweka mchoro wazi. Shule ikafa, kibao kikaishi. Leo kinatengenezwa na viwanda vingi ambavyo wala havikuomba ruhusa, maana havihitaji, ilimradi visitumie jina la Arduino, ambalo lina mwenyewe. Jina hilo liliwagombanisha waanzilishi mpaka mahakamani, wakapatana mwaka 2016. Na Oktoba 2025 kampuni kubwa ya Marekani, Qualcomm, ilitangaza kwamba imekubaliana kuinunua Arduino. Wapo walioingiwa na hofu. Sisi twaona hofu hiyo ina sababu, lakini michoro ya vibao vya zamani imekwisha kutoka nje, na kuku akishatoka bandani usiku ni kazi kumrudisha.

Kibao hiki chafanya nini hasa? Tuchukue kile kiitwacho Uno, cha mwaka 2010. Chaenea kiganjani. Kina vitundu 14 vya kupokea au kutoa umeme kwa namna ya ndiyo na hapana, na 6 vya kupima kiasi, yaani umeme umekuwa mwingi au mchache vipi. Kumbukumbu yake ya kuweka programu ni kilobaiti 32, ambayo ukiilinganisha na simu ya mkononi ni kama kijiko mbele ya pipa. Lakini kwa kazi yake yatosha. Kinasoma, kinaamua, kinatenda: maji ya tangi yamepungua, washa pampu, yamejaa, zima. Kitu chochote kinachozunguka katika mambo hayo matatu chaweza kuitwa roboti, hata kama hakina kichwa wala mikono kama wale wa senema.

MFUKO WA HEWA

Sasa twafika penye kiini cha somo, na itatubidi kurudi nyuma kidogo.

Mwaka 1952 ugonjwa wa kupooza uliingia Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, kwa ukali usio wa kawaida. Wagonjwa wengi hawakuweza hata kupumua. Katika hospitali ya Blegdam, majuma matatu ya kwanza, wagonjwa 31 walitiwa katika mashine za kupumulia za wakati ule, na 27 kati yao wakafa. Daktari Bjørn Ibsen akashauri njia nyingine: koo litobolewe, uingizwe mpira, na hewa isukumwe mapafuni kwa kuubinya mfuko kwa mkono. Lakini nani angebinya mfuko usiku na mchana, kwa majuma, kwa wagonjwa makumi kwa makumi? Wakaitwa wanafunzi wa utabibu. Kama 1,500 walipokezana zamu, kila mmoja ameketi kando ya kitanda akibinya na kuachia, akibinya na kuachia. Vifo vikapungua sana.

Mwaka 1956, huko huko Denmark, Holger Hesse na Henning Ruben walitoa mfuko unaojijaza hewa wenyewe ukiachiwa, ule wa Ambu ambao wauguzi wetu wanaujua vema. Ni chombo cha bei ndogo. Shida yake ni ile ya 1952: mkono huchoka.

Mwaka 2010 wanafunzi wa chuo cha MIT, Marekani, walipewa darasani kazi ya kuunda mkono wa mashine wa kuubinya mfuko ule. Walifanya kwa mota na kibao cha Arduino, na chombo cha majaribio kiligharimu kama dola 420. Kikaandikwa katika jarida la wataalamu, kikanyamaza. Miaka 10 ikapita. Machi 2020, Korona ilipoenea na mashine za kupumulia zikakosekana hata katika nchi tajiri, wahandisi na madaktari wa chuo hicho waliifufua kazi ya wanafunzi wale, wakaitengeneza upya, wakaweka michoro na maonyo yake kwenye intaneti ili asomaye popote asome.

Aliyesoma, mmojawapo, alikuwa msichana wa miaka 17 katika mji wa Herat, Afghanistan.

WASICHANA WA HERAT

Timu yao ya roboti ilianzishwa na Roya Mahboob, mwanamke wa Herat aliyewahi kuendesha kampuni ya kompyuta. Mwaka 2017 wasichana sita walichaguliwa kwenda Washington kwenye mashindano ya kwanza ya FIRST Global, yaliyokusanya vijana wa nchi zaidi ya 150. Kazi ya roboti mwaka ule ilikuwa kutenga mipira iliyowakilisha maji safi na maji machafu. Vifaa vyao vilikwama forodhani hadi muda ulipobaki mfupi sana. Wakasafiri mara mbili hadi Kabul kuomba viza, na mara zote mbili wakanyimwa. Dunia ilipopiga kelele, mlango ukafunguliwa dakika za mwisho. Walirudi na nishani ya fedha ya ushujaa. Ile ya dhahabu ilikwenda kwa vijana wa Sudan Kusini. Siku chache baada ya kufika nyumbani, baba wa mmoja wao aliuawa katika shambulio la msikiti.

Tukiri kwamba mashindano yenyewe hayatuvutii sana. Kusukuma mipira mbele ya kamera ni mchezo, na vifaa vyake ni ghali. Lakini mambo ya 2020 hayakuwa mchezo.

Herat ipo karibu na mpaka wa Iran, na maelfu ya watu waliokuwa wakirudi kutoka huko walileta ugonjwa. Nchi nzima, yenye watu zaidi ya milioni 30, ilitajwa kuwa na mashine za kupumulia kama 800. Nahodha wa timu, Somaya Faruqi, alikuwa binti wa fundi magari, na spana alizijua tangu utoto. Yeye na wenzake waliuchukua mchoro wa MIT. Vifaa vilivyoandikwa mle vilikuwa havipatikani, kwa maana maduka yamefungwa na mipaka imefungwa. Wakaenda gereji. Mota wakaitoa kwenye waipa ya Toyota Corolla, na mnyororo kwenye pikipiki ya Honda. Baba alimpeleka bintiye karakana kwa gari, kwa njia za uchochoroni, ili kukwepa vizuizi vya barabarani.

Hapa tusimame kidogo. Kama mchoro ungefungwa kwa sheria, kubadili mota kungekuwa kosa. Kama ungekuwa picha tu isiyo na vipimo, wasingejua mota yao mpya izunguke kwa nguvu gani na kibao kiamrishwe vipi. Kwa kuwa kila kipimo na kila mstari wa programu ulikuwa mbele yao, waliweza kutoa hiki na kutia kile. Julai 2020 walikionyesha chombo chao. Kilikadiriwa kugharimu kama dola 700, wakati mashine ya kawaida ya hospitali ni kama dola 20,000.

Muuguzi mmoja wa parishi yetu, tulipomsomea habari hii, alitukatiza. Alisema tusiandike kana kwamba dola 700 zimefanya kazi ya dola 20,000. Mashine kubwa inahisi mgonjwa anapojaribu kupumua mwenyewe, inapima, inapiga kengele. Mkono unaobinya mfuko ukizidisha hewa waweza kupasua pafu. Amesema kweli, na wale wa MIT waliandika hivyo hivyo: chombo hiki ni cha dharura, pasipo na kingine, na asimame mtaalamu kando yake. Serikali ya Afghanistan nayo ilisema lazima kipimwe kwanza kabla ya kumwekea mgonjwa. Mchoro wazi wamruhusu kila mtu kutengeneza, lakini haumpi kila mtu ujuzi wa kupima. Faida yake ni kwamba mpimaji naye anauona wote, wala haambiwi aamini tu.

Mwaka mmoja baadaye, Agosti 2021, Taliban waliingia Kabul. Wasichana wa timu walitawanyika, wengine wakapelekwa Qatar, wengine Mexico. Mwezi uliofuata shule za sekondari nchini mwao zilifunguliwa kwa wavulana peke yao, na Desemba 2022 vyuo vikuu navyo vikafungwa kwa wanawake.

Mwaka 2017 miili ya wasichana hawa ilizuiwa mpakani, bali mwaka 2020 mchoro ulivuka mipaka ile ile bila viza. Wapo watakaosema basi yatosha, kila kitu kipo kwenye intaneti, asomaye asome. Sisi hatukubali. Michoro ya MIT ingali wazi hata sasa, lakini msichana wa Herat aliyezuiwa kusoma baada ya darasa la sita ataisomaje? Ameachiwa mchoro, amefungiwa darasa. Na lililomwezesha Somaya mwaka 2020 halikuwa intaneti peke yake. Alikuwa na baba aliyemwachia spana.

TURUDI UKUMBINI

Siku tulipokifungua kipaza sauti mbele ya fundi, walikuwepo vijana 11, wasichana wakiwa wanne. Bisibisi ilizunguka mikononi mwa wavulana. Wasichana watatu walitumwa jikoni kuleta chai, na aliyewatuma ni mmoja wetu sisi tunaoandika somo hili. Hakuna aliyeliona hilo kuwa jambo mpaka tulipokuwa tukisoma habari za Herat.

Kuhusu ombi la vijana, maoni yetu ni haya, na baraza laweza kuyakataa. Zile seti za mashindano zisinunuliwe. Ni za bei kubwa, na nyingi haziingiliani na vifaa vya mtengenezaji mwingine, kwa hiyo kikipotea kipande kimoja mmekwisha. Vinunuliwe vibao vitatu vyenye mchoro wazi, chuma cha kulehemia, waya wa risasi na kipima umeme. Mota zitoke kwa mafundi magari, na yule mzee wa redio aombwe kufundisha, naye alipwe, maana huru si bure. Paa lizibwe kwanza. Katika hili tuko upande wa wazee. Haitafaa kuweka vibao mahali panapodondoka maji.

Vikundi vitakapokutana vizungumze: je, parishi ikinunua chombo, cha umeme au cha maji, iwe ni sharti kuuliza kama mchoro wake unapatikana? Na kama kisicho na mchoro ni nafuu kwa nusu bei, tufanyeje? Sisi wenyewe hatukupatana juu ya hili la pili. Mweka hazina ana jibu lake, na fundi ana lake.

Jumamosi iliyopita vijana walianza kukichora kipaza sauti, waya kwa waya, kwenye karatasi kubwa ya manila. Bisibisi alishika msichana aliyebaki siku ile asiende jikoni, naye haachi mtu mwingine aiguse. Wamefika hadi kwenye kile kidude kilichokwanguliwa namba, wamekichorea kisanduku cheupe chenye miguu 15, na ndani ya kisanduku wameweka alama ya kuuliza. Karatasi imebandikwa ukutani karibu na mlango. Kama miongoni mwenu yupo ajuaye ni kidude gani, aandike pale; kalamu imefungwa kwa uzi.